Kunguru hawa: Nani aliyewaleta, na nani anayewalisha?

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo baina yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao mpaka siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika kufundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, lipo swali ambalo hunirudia karibu kila mwaka tunapofika katika mada ya kumjua Allah (SW) kwa kutafakari viumbe vyake. Wanafunzi huuliza: Ustadhi, ikiwa Allah hakuumba chochote kwa mchezo, mbona hawa kunguru waliojaa mjini tunaambiwa ni waharibifu, wanategwa na kuwekewa sumu? Je, huko si kuingilia kazi ya Muumba?

Ni swali zuri, na si la watoto wa shule peke yao. Misikitini na mabarazani utawasikia watu wa pande mbili. Wapo wanaoona kwamba kumuua kunguru ni dhulma kwa kiumbe asiye na hatia. Na wapo wanaoona kwamba kwa kuwa Mtume (SAW) ameruhusu kunguru auawe, basi kila mtu achukue sumu na manati afanye atakavyo. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeshika kipande cha haki na kuacha kipande kingine. Ili tuione haki yote, hatuna budi kujua kwanza kunguru huyu ni nani na kafikaje hapa.

Si mwenyeji wa pwani hii

Watu wengi waliozaliwa Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga au Mombasa wamemkuta kunguru huyu, hivyo wanadhani yupo tangu enzi na enzi. Sivyo. Kunguru wa asili yetu ni yule mkubwa mwenye kifua na shingo nyeupe. Huyu mwenye shingo ya kijivu, mwembamba kidogo, mwenye kelele na asiyeogopa watu, ni kunguru wa Kihindi. Kwao ni India, Pakistan, Bangladesh, Sri Lanka na nchi za jirani. Ndugu zetu wa Mombasa na Malindi wanamwita kurabu, jina linalofanana sana na neno la Kiarabu ghuraab.

Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, baada ya visiwa kuwekwa chini ya himaya ya Mwingereza. Nia ilikuwa njema kwa mtazamo wa waliomleta. Mji ulikuwa mchafu, mizoga na takataka zimezagaa, na kule India walikuwa wamemuona ndege huyu akisafisha mitaa bila kulipwa mshahara. Wakaona wamepata mfagiaji wa bure. Haikupita miongo mitatu, utawala ule ule ukawa unatoa zawadi ya fedha kwa kila atakayeleta mayai na makinda ya kunguru. Mfagiaji amekuwa msumbufu! Lakini ilikuwa imeshachelewa. Alivuka bahari akaingia Tanganyika, akafika Mombasa katika miaka ya 1940, na tangu hapo anafuata barabara kuu na miji inayokua kuelekea bara.

Hakuletwa kwa mkono wa watu peke yake. Bandari nyingi za Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu zimempata kwa njia ya meli. Anapanda melini, anakula makombo ya mabaharia, na meli inapotia nanga naye anashuka. Ndiyo maana leo ukienda Aden, Jeddah au miji ya pwani ya Oman utamkuta. Saudi Arabia nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2020, iliendesha kampeni ya kuwapunguza katika mkoa wa Jizan na visiwa vya Farasan. Kwa hiyo tatizo hili si letu peke yetu.

Madhara yake tunayaona wenyewe. Anabeba vifaranga mchana kweupe, mama mfugaji akiwa amesimama mlangoni. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, wakiwemo kwera na chozi, mpaka maeneo mengi ya mjini yamebaki kimya, husikii tena ila sauti yake. Amemsukuma pembeni hata kunguru wetu mwenye shingo nyeupe. Anatoka jalalani na kwenye mizoga, kisha anatua juu ya meza ya mama lishe na juu ya tangi la maji ya udhu. Wengi wetu tumewahi kukuta mfupa au kipande cha utumbo ndani ya tangi lisilofunikwa. Na ifahamike kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kinyesi cha ndege ni najisi, japo wanazuoni wametoa msamaha kwa kile ambacho ni vigumu kujiepusha nacho.

Mizani aliyoiweka Allah

Sasa turudi kwenye swali la wanafunzi. Katika Suratur-Rahman (55:7-9) Allah (SW) anatufahamisha kwamba ameinua mbingu na ameweka mizani, na anatukataza tusiidhulumu mizani hiyo. Katika Suratul-Hijr (15:19) anatufahamisha kwamba kila kilichooteshwa katika ardhi kimewekwa kwa kipimo. Wafasiri wameeleza maana nyingi za mizani hii, na miongoni mwake ni uadilifu na ule mpango ambao viumbe vimepangwa kwao.

Mtazame kunguru huyu kule kwao. Huko pia anaishi karibu na watu na pia ni mwizi. Lakini huko ndege na wanyama wengine wameishi naye kwa maelfu ya miaka. Yupo kuwio, ndege mwerevu, ambaye hutaga yai lake ndani ya kiota cha kunguru na kumwachia kazi ya kulea mtoto asiye wake. Yapo maradhi na maadui waliozoeana naye. Kwa hiyo kule ana mahali pake katika mpango. Alipochukuliwa na kutupwa pwani ya Afrika Mashariki, alikuja yeye bila ya wale wanaompunguza. Akakuta ndege ambao hawajui hila zake, na akakuta chakula cha bure katika kila jalala.

Kwa hiyo jibu la sehemu ya kwanza ya swali ni hili: Allah (SW) hakukosea kumuumba kunguru. Binadamu ndiye aliyekosea kumhamisha. Hili ndilo linalotukumbusha ile aya mashuhuri ya Suratur-Rum (30:41), ambayo inatufahamisha kwamba uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Kunguru hana mikono. Mikono ni yetu.

Wala kunguru hayuko peke yake katika jambo hili. Magugu maji yaliyoziba mialo ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 asili yake ni Amerika ya Kusini, na yalisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mti wa mathenge uliopandwa Baringo, Kenya, katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, umemeza malisho na kuharibu meno ya mbuzi, hadi wananchi wakaipeleka serikali mahakamani. Mwaka 2023 jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, IPBES, lilitoa ripoti kwamba binadamu amehamisha zaidi ya aina 37,000 za viumbe kuzipeleka mahali pasipo pao, na zaidi ya 3,500 kati ya hizo zina madhara. Viumbe hao vamizi, ama peke yao au pamoja na sababu nyingine, wamechangia asilimia 60 ya matukio ya viumbe kutoweka kabisa yaliyowahi kuandikwa. Hasara yake kwa mwaka 2019 ilikadiriwa kupita dola bilioni 423.

Hukumu ya sheria

Je, inajuzu kumuua? Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (RA), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (SAW) ametaja wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka. Nao ni kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mshambuliaji. Tuzingatie uzito wa jambo hili. Katika Haram mtu haruhusiwi kuwinda wala hata kumfukuza njiwa, lakini kunguru ametolewa katika kinga hiyo.

Wanazuoni walilichambua suala hili kwa kina. Katika riwaya moja ya Muslim ametajwa kunguru wa mabaka meupe na meusi, na baadhi yao wakashikilia sifa hiyo. Wengi wakaichukua hukumu kwa ujumla wake, ila wakamtoa yule kunguru mdogo anayekula nafaka. Kisha wakauliza: sababu ya ruhusa ni ipi? Imam Malik alisema sababu ni udhia, yaani madhara wanayowafanyia watu. Ukifuata njia hii, kila mnyama mwenye kudhuru kama wao huingia katika hukumu hiyo. Na asiyedhuru haingii, hata kama anafanana naye kwa sura. Hili ni muhimu kwetu, maana kunguru wetu wa asili mwenye shingo nyeupe asije akauawa kwa kosa la mgeni.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Dini hiyo hiyo iliyotoa ruhusa imeweka mipaka. Katika Hadith ya Shaddad bin Aws (RA), iliyopokewa na Muslim, tumeamrishwa kufanya ihsani katika kila kitu, hata katika kuua. Mtume (SAW) amekataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Kwa hiyo vijana wanaomfunga kunguru kamba na kumpiga mawe wakicheka hawatekelezi Sunna yoyote. Vile vile anayemuua kunguru au bundi kwa kuamini kwamba ni ndege wa mkosi ameingia katika itikadi ya kijahiliya ambayo Mtume (SAW) aliikataza.

Ipo Hadith nyingine ambayo mimi huipa uzito mkubwa darasani. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kuhusu mbwa. Mtume (SAW) alieleza kwamba lau si kuwa mbwa ni umma miongoni mwa umma, angeamrisha wauliwe wote. Maneno haya yanakwenda sambamba na Suratul-An'am (6:38), inayotufahamisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Tunajifunza kwamba kupunguza madhara ya kiumbe ni jambo moja, na kukifuta kiumbe katika uso wa ardhi ni jambo jingine. Kumwondoa kunguru wa Kihindi katika pwani yetu hakumfuti duniani, kwani umma wake upo kwao, salama. Bali kumwacha huku ndiko kunakoweza kufuta umma nyingine. Pemba, kwa mfano, ina aina nne za ndege ambazo Allah (SW) hakuziweka mahali pengine popote duniani, wakiwemo bundi wake, ninga wake na chozi wake. Wakiondoka Pemba, wameondoka duniani. Hiyo ni amana iliyo mikononi mwa Waislamu, na tutaulizwa juu yake.

Wapo watakaosema: si Allah ndiye aliyekadiria waje? Ndiyo, kama alivyokadiria maradhi na akatuamrisha tujitibu. Sayyidna Umar (RA) alipokataa kuingia Sham wakati wa tauni aliulizwa swali hilo hilo, na akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah.

Sumu peke yake haitoshi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami kidogo. Kunguru wamewahi kuuawa kwa wingi katika pwani hii. Zanzibar ilikuwepo kampeni kubwa kati ya mwaka 1990 na 1995, na kunguru wakapungua sana. Mradi ukaisha, fedha zikaisha, na kunguru wakarudi. Dar es Salaam, katika miaka ya 2010, ilitumika mitego pamoja na sumu maalumu, na kunguru waliouawa walikuwa mamia ya maelfu. Kwa muda watu wakapumua. Leo tazama juu ya mwembe wa jirani yako. Kenya nayo ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuondoa kunguru milioni moja.

Sumu hiyo maalumu si kama sumu ya panya inayouzwa mitaani. Inatolewa na wataalamu kwa kipimo, huua polepole, na huvunjika ndani ya mwili wa ndege, hivyo anayekula mzoga wake hayumo katika hatari kubwa. Sumu za kawaida zinaua paka, mbwa na ndege wengine, na zinaweza kumuua mtoto aliyeokota kipande cha nyama. Na kanuni ya kifiqhi inafahamika: madhara yaondolewe, lakini yasiondolewe kwa madhara mfano wake. Kwa hiyo raia asijichukulie sumu mkononi.

Lakini kwa nini kunguru hurudi? Kwa sababu meza bado imeandaliwa. Kunguru mmoja jike hutaga mayai matatu mpaka matano. Makinda mangapi yatakua inategemea chakula kilichopo, na chakula hicho tunakiandaa sisi. Kinatoka kwenye jalala lisilozolewa wiki nzima, mifupa iliyotupwa nyuma ya mgahawa, matumbo ya samaki sokoni, na ubwabwa wa shughuli uliomwagwa mtaroni. Na sisi Waislamu tunalo letu mahususi. Siku ya Idd-el-Adh'ha tunachinja kwa kumtii Allah (SW), tunagawa nyama kwa masikini, kisha mavi ya utumbo, damu na vichwa vinaachwa uwanjani. Ibada imekamilika, na karamu ya kunguru imeanza.

Hili la joto nalo tusilisahau. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambapo wastani wa joto la dunia ulipita nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya enzi za viwanda. Ndege anayetegemea msitu wa aina moja na wadudu wa msimu mmoja, mvua zikivurugika naye huvurugika. Kunguru anakula chochote na anajenga kiota popote, hata kwenye mnara wa simu na kwa vipande vya waya. Mabadiliko yanamdhoofisha mwenyeji kuliko mgeni huyu. Aidha, kunguru wa Kihindi ni ndege wa maeneo yenye joto, na kadiri baridi inavyopungua ndivyo dunia inayomfaa inavyopanuka. Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya hali ya hewa. Kilichomfikisha katika miji yetu ni uchafu wetu kabla ya joto.

Wajibu wetu

Tunaweza kufanya nini? Kwanza, tufukie taka za kuchinja. Kila msikiti na kila familia inayochinja ichimbe shimo kabla ya kunoa kisu. Mtume (SAW) ameifanya twahara kuwa nusu ya imani, na kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani. Pili, matangi ya maji ya misikiti, madrasa na nyumba yafunikwe. Tatu, viota vilivyo katika maeneo yetu viondolewe mapema, kabla mayai hayajaanguliwa, kwa uangalizi wa mtu anayetofautisha kiota cha kunguru na cha ndege mwingine. Hilo lina huruma zaidi kuliko kungoja makinda. Nne, tushirikiane na halmashauri na wataalamu wanapoendesha kazi hii, na tudai iwe ya kudumu, siyo ya mradi wa miaka mitatu. Tano, tusiwe sababu ya kosa jipya. Anayesafiri asilete ndege, samaki, mbegu wala mche wa nchi nyingine kwa sababu tu umempendeza. Na tunapopanda miti katika viwanja vya misikiti na shule, tuanze na ile ya asili yetu.

Sita, maimamu na walimu tuliseme jambo hili. Hotuba zetu nyingi zinataja neema za Allah kwa ujumla, lakini ni chache zinazotaja ndege aliye juu ya paa la msikiti.

Ndugu yangu Muislamu, Qur'an inapomtaja kunguru inamtaja kama mwalimu. Katika Suratul-Maida (5:31) mtoto wa Adam amemuua ndugu yake na hajui aufanye nini mwili wake. Allah (SW) akamleta kunguru anayefukua ardhi, ili amuonyeshe namna ya kusitiri. Muuaji yule alijilaumu kwamba ameshindwa kuwa hata mfano wa kunguru. Somo lile alilofundishwa mwanadamu wa mwanzo ni kufukia kinachooza. Karne zote zimepita, tuna magari, majembe na halmashauri za jiji, na bado tunaacha vinavyooza juu ya ardhi, kisha tunawalaumu wanaokuja kuvila.

Tuanze na Idd ijayo. Jembe lianze kazi kabla ya kisu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.